Sentimita Nne Upande wa Dereva

Bushi ya tatu ilikataa kuingia saa nne asubuhi. Kilikuwa kipande cha mpira kilichovikwa ganda la chuma, kikubwa kidogo tu kuliko bilauri, na fundi alikuwa amekilaza kwenye friji tangu jana, kando ya maziwa, ili kinywee. Akaupasha moto mkono wa chuma unaoshika gurudumu ili tundu lake litanuke. Akapaka sabuni ya kufulia. Akabana vyote viwili kwenye jiriwa, akazungusha. Bushi ikaingia nusu, ikasimama. Fundi akaiambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza nguvu, ikaingia yote.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, aliyerithi gereji kwa baba yake pamoja na mashimo yake yote ya sakafuni. Gari lilikuwa la Mkurugenzi mstaafu wa kiwanda cha sabuni, gari la kale la rangi ya maziwa lililokaa miaka kumi na miwili chini ya turubai, na mwenyewe alilitaka lifufuke kabla ya maonyesho ya Jumamosi. Kaka yake fundi aliketi pembeni akiosha boliti kwa mafuta ya taa. Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa hakuruhusiwa kuendesha hata toroli. Gari hilohilo ndilo alilokuwa akiliendesha kiwandani, ndilo lililomgonga mama mmoja mfagiaji, na kwa ajali hiyo alifungwa miaka tisa na kupokonywa leseni moja kwa moja. Kazi nyingine hakuijua. Kila mwaka aliomba leseni irudishwe, na kila mwaka alijibiwa kwa barua ileile.

Baba yao aliacha sharti moja pale gereji: boliti za bushi hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Gari literemshwe, lisimame kwa magurudumu yake, libebe uzito wake, ndipo zikazwe. Mpira ukikazwa umejipinda hubaki umejipinda, na haumalizi mwaka. Mafundi wa mtaa wa pili walilicheka sharti hilo, na magari yao yalilia kama vitanda vya gesti.

Basi fundi akaliteremsha gari, akachukua futi, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Mbele kushoto, sentimita thelathini na nane. Mbele kulia, upande wa dereva, thelathini na nne. Ndani hakukuwa na mtu. Akahamisha springi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Thelathini na nne. Akatia springi mpya na shokapu mpya, akapoteza siku mbili na ukucha mmoja. Thelathini na nne. Nyuma kushoto nako gari lilikuwa limelala kidogo, sentimita mbili hivi.

Jumatano akakifungua kiti cha dereva. Walipokivuta nje, gari likainuka mbele polepole, likatulia kwenye thelathini na nane. Kiti chenyewe hakikubebeka. Wakakikokota juu ya gunia, kaka na dada, hadi kwa jirani muuza vyuma chakavu, wakakipandisha kwenye mizani yake. Kilo mia moja na kumi na saba. Wakarudi kuchukua kiti cha abiria, pacha wake. Kilo kumi na tisa.

"Hicho kina mtu," jirani alisema, akaendelea kupanga betri zake.

"Tisini na nane," Dereva alisema. "Ni Mzee, Mkurugenzi. Alikuwa anajipima kila Jumatatu pale zahanati ya kiwanda, halafu anatutangazia."

Kisha akapanda mizani mwenyewe, na viatu vyake. Hamsini na nane.

Fundi aliutazama mshale kwa muda mrefu. Kaka yake aliwahi kumwambia kwamba hakuwa yeye. Alisema mara moja tu, gerezani, katikati yao kukiwa na wavu. Siku ile Mkurugenzi alijiendesha mwenyewe. Alimgonga mama, akamlaza kiti cha nyuma, akapitia kwanza nyumbani kubadili shati. Ndipo akamwita dereva, aliyekuwa anakula, akampa usukani. Walipofika hospitali mama alikuwa ameshakata roho, na watu wote waliona ni nani ameshika usukani. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu "sawa, kaka," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Hakumwamini. Sasa aliingoja aibu ije, nayo haikuja. Kilichokuja ni uchovu.

"Na huyu wa nyuma?" akauliza.

"Huyo muache alale," Dereva alisema.

Alhamisi alikuja mkaguzi wa magari kwa ajili ya cheti cha barabara. Ndiye aliyelikagua gari hilo hata siku ya ajali. Alikipima kiti mara mbili, akakibonyeza kwa kidole, akaandika ziada ya kilo tisini na nane kwenye daftari lake.

"Kiti hakina sababu ya kusema uongo," alisema.

"Kwa hiyo kaka yangu atapata leseni?"

"Dada, mimi nakagua magari. Faili lilishafungwa. Labda mwenye gari aandike kwa mkono wake."

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wahenga hawakuwahi kufuatilia faili.

Ijumaa mchana Mkurugenzi alifika akinukia marashi, mkaguzi naye akiwa na fomu zake. Fundi alikuwa amekirudisha kiti na kuinua springi ya kulia kwa pete nene ya mpira, hivyo gari lilisimama sawa. Boliti tu ndizo zilizokuwa bado. Alimwomba Dereva aketi kwanza. Upande wa kulia ukashuka sentimita mbili, kama ilivyo kawaida ya magari. Dereva akatoka. Akaketi Mkurugenzi, na tumbo lake, na funguo zake. Gari halikushuka hata unywele. Wote wanne waliutazama utepe wa futi.

"Mzee," fundi alisema, "gari limekubeba tangu siku ile. Andika mistari miwili tu, kaka yangu arudishiwe leseni."

"Gari zuri humjua mwenyewe," Mkurugenzi alisema, akirekebisha kioo. "Mimi gari nimelileta kwa ajili ya springi, mama. Mambo ya barua yana wenyewe."

Fundi akaweka spana chini. "Basi sikazi."

"Usikaze. Nitaondoka nalo hivihivi."

Akawasha injini. Mkaguzi akaangalia viatu vyake. Gari lisilokazwa boliti hizo huyumba barabarani, na kwenye kona mikono ya chuma huchomoka. Fundi alilijua hilo, akaona moyoni kwamba na ichomoke. Dereva ndiye aliyekuja akainama kando yake, akaiokota spana, akaipangusa kwa shati.

"Kaza, mdogo wangu," alisema. "Nyuma kuna mtu."

Fundi akajilaza chini ya gari, akakaza boliti zote nane, Mkurugenzi akiwa amekaa na mama akiwa amelala, kila mmoja na uzito wake, kama sharti linavyotaka. Bushi zikakaa vizuri. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua hivyo akiwa palepale chini.

Mkaguzi akajaza fomu. Kwenye sehemu ya ajali zilizopita alinakili yaliyomo kwenye faili, akagonga muhuri, akamwachia fundi nakala. Dereva akainama kwenye dirisha la nyuma, akasema, "Jishikilie, mama." Kisha akafungua geti. Gari likavuka mtaro bila mlio wowote, likaenda zake.

Fundi akaisoma nakala. Kwenye mstari wa aliyekuwa akiendesha kulikuwa na jina la kaka yake, kwa mwandiko mzuri wa kiofisi.

"Kaka, nilipaswa kukuamini siku ile."

"Si umeniamini leo," Dereva alisema. "Tunaojua tumefika sita, ukimhesabu jirani, na mama."

Kisha akauliza kama kuna boliti nyingine za kuosha.