Mkanda wa Mwisho wa Baba

Kamera ya marehemu baba ilikuwa imeganda. Kile kidude cha juu cha kurudishia mkanda hakikuzunguka kwa kutu, na ukifungua mgongo kabla hujaurudisha, mwanga unaunguza picha zote. Mle ndani, niliamini, alikuwamo kaka yangu Stanley, akicheka uani kwetu Mvumi, miezi michache kabla hatujamzika. Picha yake nyingine ya utu uzima hatuna.

Basi kila Jumamosi nilikwenda mjini kwa Mzee Habibu, fundi wa kamera ambaye siku hizi anakula kwa kutengeneza saa. Sikutaka anitengenezee. Nilitaka kujifunza, maana mimi mbishi. Siku ya kwanza nilimimina mafuta ya cherehani kama ninayekaanga maandazi.

"Erica, mwanangu," alisema, "tone moja, kwa ncha ya sindano. Kisha unasubiri."

Kusubiri ndiko kulikonishinda. Nilifuta, nikatia tone, nikanuna. Lakini harufu ya ule mkoba wa ngozi ilinirudishia baba na baiskeli yake, akitoka kupiga picha za kipaimara, shati limejaa vumbi. Nilimkumbuka mpaka bisibisi ikanitoka mkononi.

Jumamosi moja kidude kikalegea. Nikakizungusha kwa pupa. Mzee Habibu akautazama mkono wangu, akakunja uso.

"Chepesi mno. Mkanda ukiwamo, unavuta. Humu hamna kitu."

Nilirudi Mvumi nimefura. Mama alikuwa akipepeta mtama, na shikamoo yangu ilitoka kwa shida. Nikamweleza.

"Mkanda uliisha zamani," alisema. "Siku ile baba yako alipiga hewa, kama alivyowapigia watoto waliomsumbua harusini. Wewe na Stanley mlikuwa mmenuniana. Akawaambia, sogeeni, hamuenei. Mkasogea."

Kweli tulisogea. Stanley alinishika bega, akaninong'oneza kwamba nanuka moshi, nami nikacheka. Nililia palepale mbele ya ungo wa mama, na sikuona haya.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka mjini na mkanda mpya, nimeshaupachika kwenye kamera. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye kigoda, kisha akanyoosha mkono.

"Lete kwanza."

Akakishika kile kidude kwa vidole viwili, akakizungusha polepole. Kilikuwa kizito. Ndipo akanirudishia kamera, akatabasamu.