Doa Jeusi la Kisigino

Kila Jumamosi mchana, baada ya kuoga, Kasimiri na mkewe Konsolata walitoana funza. Ndivyo walivyozoea tangu walipooana: mguu wa mmoja pajani kwa mwenzake, pini iliyopitishwa motoni, na habari za wiki nzima.

"Huyu wako ana kiburi, Mama Filbert," Kasimiri alisema, akichokoa doa kisiginoni. "Wiki ya tatu nachimba, mfuko wa mayai hautoki."

"Labda mchimbaji kazeeka."

Kasimiri alicheka, kisha akainama alitazame doa kwa karibu. Funza huwa na duara jeupe na nukta katikati. Doa hili lilikuwa jeusi tupu, na kingo zake zimetambaa. Alikuwa dresa, mwosha na mfunga vidonda, wa zahanati ya misheni karibu na Njombe kwa miaka kumi na minane. Ameosha vidonda vya watu wote, akashindwa kuutazama vizuri mguu anaoupenda.

Jumatatu alimpeleka kwa daktari Mwingereza, aliyefika mwaka huo wa 1953.

"Angekuwa Mzungu ningesema ni saratani ya ngozi," daktari alisema. "Huwatokea mgongoni na usoni. Kwa Waafrika ni nadra mno. Mpake dawa, tumwone baada ya mwezi."

Kasimiri hakubishana. Alimpa daktari daftari lake alimoandika wagonjwa wa miaka yote.

"Nimeona wanane wenye doa kama hili, Bwana Daktari. Mzungu mmoja, nalo lilikuwa begani. Waafrika wenzangu saba: sita nyayoni, mmoja chini ya ukucha. Mzee wa Mdandu, mama wa Kifanya, dereva wa lori wa Makambako. Wote walidhani ni funza. Wote walichelewa."

Daktari alisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akampapasa Konsolata kinenani, ambako saratani ya mguu hupanda kwanza; hakukuta uvimbe.

"Nilikosea," alisema. "Kesho tukate. Kipande kikubwa. Huenda tumewahi, lakini siahidi."

Walipobaki wawili, Konsolata akasema, "Nivune viazi kwanza."

"Nitavuna mimi."

"Wewe? Utavikatakata vyote kwa jembe."

"Basi nitavikatakata."

Akamtazama. Mumewe hakutabasamu.

"Wiki tatu nzima," Kasimiri alisema polepole, "nimekuwa nikikuchokoa kwa pini."

"Na hukuniumiza hata siku moja." Konsolata akamshika mkono. "Basi mwambie anikate asubuhi na mapema, Baba Filbert, kabla moyo wangu haujageuka."