Mguu wa Kushoto wa Mama Rula

Kifungo alikufa Jumanne saa nane mchana, chini ya cherehani, pale pale alipokuwa akilala kwa miaka kumi na mitatu. Saa kumi alikuwa ameshazikwa nyuma ya nyumba, na kufikia saa kumi na mbili chumba cha kushonea kilikuwa kinanukia sabuni kuliko hospitali. Mama Rula ndivyo alivyo. Jambo likimuuma, hulipiga deki.

Alitupa gunia alilolalia mbwa, akafua mapazia, akasugua sakafu mara tatu, kisha akapitisha kitambaa kibichi kwenye kila rafu mpaka usingepata unyoya mmoja hata kwa miwani. Kifungo alikuwa mweupe pe, isipokuwa doa moja jeusi la duara katikati ya paji la uso, na manyoya yake hayakuwa na adabu. Yaliingia kwenye suruali za watu, kwenye makoti, kwenye chai.

“Sasa nguo nyeusi zitatoka hapa zikiwa nyeusi,” alimwambia mumewe, fundi bomba, aliyekuwa amesimama mlangoni na sepetu mkononi, macho yamemwiva. “Na wewe futa pua, mwenzangu. Tulikuwa na mbwa, amezeeka, amekufa. Basi.”

Mumewe alimwamini. Mama huyu hakuwa na mazoea ya kushindwa. Jina la Mama Rula hakujipa mwenyewe, alipewa na wateja, kwa sababu mshono wake ulinyooka kiasi kwamba mafundi wengine walipita kuutazama, wakaondoka wamenuna.

Asubuhi ya Jumatano alikaa kwenye cherehani, akatunga uzi, akaweka suruali ya karani wa posta, akakanyaga. Mshono ukaenda shingo upande. Akafumua, akashona tena, ukapinda vile vile. Akaulaumu uzi, akabadilisha. Akailaumu sindano. Akamlaumu karani, kwamba miguu yake mwenyewe ina matege. Mchana akamlaumu mumewe, ambaye wakati huo alikuwa amelala chali chini ya sinki la watu, mtaa wa tatu.

Alhamisi hali ilikuwa ile ile, na hapo ndipo alipoogopa. Hakumwambia mtu. Lakini alizitazama zile nguo tisa zilizosubiri juu ya meza, akaitazama mikono yake, akajiuliza: kama hii imekwisha, mimi nitakuwa nani?

Akamwita mtengenezaji wa cherehani, bwana mmoja mrefu, mpole, ambaye mji mzima humwita Daktari. Daktari alifungua kila kilichofungika, akatia mafuta, akashona kipande cha kitambaa. Kikatoka kimenyooka.

“Mashine ni nzima, Mama. Mgonjwa ni mwingine.”

“Unanitukana nyumbani kwangu?”

“Hapana. Hebu shona nikuone.”

Akashona. Daktari alichuchumaa, akatazama chini ya meza kwa muda, kisha akauliza taratibu, “Mama, huo mguu wa kushoto unatafuta nini?”

Mama Rula akainama. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye kanyagio, unafanya kazi yake. Wa kushoto ulikuwa unaning'inia hewani, shibiri moja juu ya sakafu, umetulia hapo kama uliowekewa kitu. Ndicho kimo cha mgongo wa mbwa aliyelala.

Alikuwa amesahau kabisa. Siku binti yake alipomleta yule mbwa, angali mdogo wa kuenea kofiani, alitetemeka chini ya cherehani kwa kelele zake, na yeye akamwekea mguu mgongoni ili atulie. Akatulia. Kuanzia siku hiyo Mama Rula alikanyaga kwa mguu mmoja, na ule mwingine ukapanda na kushuka kwa pumzi za Kifungo. Magauni ya maharusi, majoho ya kwaya, suti ya hakimu, vyote vilishonwa hivyo.

Daktari alikusanya vifaa vyake. Hakutaka ujira. “Ugonjwa huu sina dawa yake,” alisema.

Jioni ile mumewe alijitosa kusaidia, maana fundi bomba haamini kuna tatizo lisilo na kipuri. Alimwekea kiroba cha unga chini ya mguu. Akamwekea stuli. Mwisho akaja na kipande cha bomba pana, amekizungushia taulo vizuri na kukifunga kamba, uso umejaa matumaini.

“Jaribu hiki. Nimekipima, urefu ni sawasawa.”

Akajaribu. Akashona nusu pindo, akasimama.

“Asante, Baba watoto. Lakini hiki hakipumui.”

Fundi bomba akachukua bomba lake, akatoka nalo nje, akakaa ngazini akiwa amelipakata.

Binti yao akapiga simu kutoka kwake. “Mama, nikuletee kitoto kingine cha mbwa?”

“Na wewe nikuletee mama mwingine?” akajibu, akakata.

Ijumaa asubuhi akaja Mwalimu Mkuu. Mama huyu alikuwa mteja wa miaka kumi na miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchukua nguo bila kulalamika. Aliinyanyua dirishani, akaikagua kama daftari la mtoro, mpaka apate unyoya. Leo alileta koti lake jeusi, bitana imeachia kwenye pindo. Akasimama katikati ya chumba akinusa.

“Mbona pasafi hivi?”

“Amekufa. Jumanne.”

Mwalimu Mkuu akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. “Pole, Fundi,” akasema.

Mama Rula akalilaza koti mezani, akaanza kufumua ile bitana. Koti alilishona mwenyewe, miaka sita iliyopita. Alipofika kwenye kona, akainua kitambaa ili aone ndani. Kwenye mshono wa ndani, kati ya koti na bitana, palikuwa na manyoya matatu meupe. Hayakuwa yamedondokea hapo. Uzi ulikuwa umepita juu yake, tundu kwa tundu, ukayafunga humo. Na ule mshono ulikuwa umenyooka.

Akalia. Alilia kwa sauti, mkasi mkononi, bila kujificha, kama alivyotakiwa kulia Jumanne.

Mwalimu Mkuu alimwacha mpaka akapumua. Kisha akasema, “Kwenye kila nguo yangu ana mahali pake, yule. Unadhani nilikuwa nalalamikia nini miaka yote? Nikilalamika, ulimkaripia: Kifungo, tazama ulivyomfanyia Mwalimu! Basi yeye anatoka huko chini, anakuja kunilaza kichwa magotini. Mimi kwangu hakuna anayenilaza kichwa magotini.”

Wakatazamana, wakacheka, huku pua zinawatiririka wote wawili.

“Yatoe basi,” Mwalimu Mkuu akasema. “Uyatie kwenye bahasha. Koti halitakufa.”

Mama Rula aliyatazama yale manyoya matatu. Alikuwa amesugua nyumba nzima ili yasibaki, na jana angetoa chochote apate hata moja. Akamfikiria karani wa posta kwenye kaunta yake, wanakwaya ndani ya majoho yao, hakimu na suti yake anakohoa mbele ya watu. Wote hao wamemvaa na hawajui. Akauweka mkasi chini.

“Hapana. Hayo nimeyashona mimi, na kazi yangu nzuri siifumui.”

Akaifunika bitana, akaibana kwa pini, akakaa. Mguu wa kulia ukaenda kwenye kanyagio. Wa kushoto ukaning'inia pale pale ulipozoea. Akauacha, hakuulazimisha. Alipoanza kukanyaga, mguu ukashuka wenyewe, polepole, ukapita pale penye mgongo, ukafika sakafuni. Sakafu ilikuwa baridi. Akauacha hapo, akashona pindo lote kutoka kona hadi kona, akakata uzi.

Mwalimu Mkuu alilichukua koti, akalipeleka dirishani kama kawaida yake, akaligeuza mbele na nyuma. Mshono ulikuwa umenyooka. Akatafuta kwenye kola, kwenye mikono, kwenye mifuko.

“Halina hata unyoya mmoja,” akasema, akirudi tena kwenye kola.

“Vaa tu, Mwalimu,” Mama Rula akamwambia, akivuta suruali ya karani. “Yumo.”