Mapipa ya Uwanda wa Chumvi

Ramani ilipoingia kwenye meza ya kulia chakula haikutoka tena. Mwanzoni waliikunjua nusu, wakawa wanakula upande uliobaki. Wiki zilivyopita ikakunjuliwa yote, na sahani zikahamia magotini. Mgeni aliyekuja jioni alionyeshwa kiti, kisha akaonyeshwa mstari wa penseli nyekundu uliotoka mjini kwao, ukavuka milima, ukapita juu ya nchi isiyo na watu, mpaka ufukwe wa upande wa pili wa bara.

"Tunakwenda na kindege chetu," mwenye nyumba alikuwa akisema, kama mtu anayeaga kwenda dukani kununua sukari.

Mwenye nyumba huyo alikuwa daktari wa meno. Miaka yote alikuwa akizungumza na watu waliojazwa pamba na vyuma mdomoni, kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kujibiwa, na mdomo wake haukujua kupumzika. Mkewe alikuwa rubani. Alirusha ndege za mizigo tangu ujana mpaka alipostaafu, na kiinua mgongo chake ndicho kilichonunua kile kindege cha injini moja na viti viwili. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, nyumba imebaki kimya, na safari iliyokuwa ikiahirishwa kila mtoto alipougua au shule zilipofunguliwa haikuwa na kisingizio tena.

Shida ya kwanza ilikuwa tumbo. Jioni moja mke alileta mizani sebuleni, akaiweka chini mbele ya mumewe.

"Panda."

"Nimetoka kula sasa hivi!"

"Na kwenye ndege utapanda na njaa? Panda, Daktari."

Alipanda. Mke akasoma, akaguna, akaandika pembeni mwa ramani.

"Vua viatu basi tuone."

"Kwani nitasafiri peku?"

"Kila kilo ya kitambi hicho ni mafuta tunayoyaacha chini."

"Kitambi umekilea mwenyewe, mke wangu."

"Nimekilea, na sasa nakiachisha ziwa."

Shida ya pili haikuwa na mzaha. Katikati ya mstari ule mwekundu palikuwa na uwanda wa chumvi, mpana kiasi kwamba ndege yenye watu wawili na mizigo yao isingeweza kuuvuka kwa tangi moja. Katika ukingo wake mmoja tu, ambako ardhi inaingia ndani ya chumvi kama ulimi, palikuwa na kiwanja cha ndege kilichoachwa na wajenzi wa barabara ambayo haikumalizika. Kama mafuta yangetangulia kufika hapo na kuwasubiri, safari ingewezekana. Yasipotangulia, mstari wote ule ulikuwa mapambo ya meza.

"Mpigie kaka yako simu ayapeleke na lori lake," mume alisema. "Sisi tungoje habari njema."

"Siwezi kutua mahali ambapo miguu yangu haijakanyaga." Mke aliweka kidole juu ya ule weupe wa ramani, mahali pasipoandikwa kitu. "Nimepita juu ya uwanda huu sijui mara ngapi. Unajua tulikuwa tukisemaje na wenzangu tukifika pale? 'Hapa hamna kitu, lete chai.'"

Basi wakaenda wote. Kaka wa rubani alikuja na lori lake, mapipa yamefungwa kamba nyuma pamoja na mbao, matairi makuukuu na magunia ya chokaa. Watu wa barabarani walimwita Taratibu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini baada ya kupanda gari lake. Daktari aliwekwa katikati, gia ikiwa baina ya magoti yake, na kila Taratibu alipotaka kubadilisha alilazimika kumwomba radhi.

"Samahani, shemeji."

"Bila samahani, shemeji. Nimekuwa sehemu ya injini."

Lami ikaisha. Ikaja changarawe, nayo ikaisha, zikabaki alama za magurudumu ya gari lililopita zamani. Daktari alikuwa ameikunja ramani mapajani akiifuata kwa kidole. Jua lilipokaribia kuzama aliwaonyesha walikofika.

"Toka asubuhi. Toka asubuhi, jamani! Tumesogea upana wa ukucha."

Mkewe aliutazama ule ukucha. Alikuwa akikumbuka kwamba kutoka angani kipande hicho humalizika kabla kikombe hakijapoa.

Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, lori lilikwea mgongo mdogo wa mchanga na Taratibu akazima injini bila kuombwa.

Mbele yao hapakuwa na mti, wala nguzo, wala kichaka, wala ndege wa angani. Palikuwa na weupe tu, umelala bapa, ukaenda na kuzidi kwenda mpaka ukakutana na mbingu mahali ambapo huwezi kusema ndipo hapa. Jicho lilitafuta pa kushika likakosa. Hata upepo ulikuwa umenyamaza. Walisikia injini ikipoa, tik, tik, kisha hata hiyo ikaacha, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito kama mtu wa nne aliyeingia kwenye gari.

Daktari alifungua mdomo. Akaufunga.

"Shemeji, unaumwa?" Taratibu akauliza kwa wasiwasi wa kweli.

Daktari akatikisa kichwa.

Walishusha mapipa karibu na kibanda cha wale wajenzi, kilichobaki kuta bila paa, mahali palipoinuka kidogo. Rubani hakukubali mapipa yasimamishwe. Aliyalaza ubavu juu ya mbao, vifuniko vyote vikiwa usawa mmoja, kwa sababu pipa lililosimama hukusanya maji ya mvua juu yake, na tone la maji kwenye mafuta ya ndege si jambo la kuchekea.

"Na wezi je?" Daktari akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wafike.

"Mwizi atakayefika hapa mwache achukue," Taratibu akajibu. "Atakuwa ameyatolea jasho."

Kisha wakapima kiwanja. Rubani alipanda na kaka yake, akamwambia aliendeshe lori kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kasi, maana gari likikimbia bila kurushwa, ndege nayo itatua bila kuvunjika mguu.

"Ongeza, kaka."

"Mdogo wangu, gari hili halijakimbia hivi tangu nilinunue."

"Ongeza!"

Taratibu akakanyaga, uso umemkunjamana kama anayemeza dawa chungu. Lori likanguruma, vumbi jeupe likasimama nyuma yao kama ukuta, na kiti hakikutikisika. Walirudi polepole wakipanga matairi yaliyopakwa chokaa, huku na huku, kuonyesha kingo za njia. Kazi ile iliwashughulisha hata wasiangalie kitu kingine.

Daktari alikuwa amewaaga kwa kuonyesha kilima cheusi upande wa pili, ambacho hakikuonekana kutoka kwenye ule mgongo wa mchanga. "Nafika pale niangalie huku kwa juu. Chai ikichemka nitakuwa nimerudi."

Chai ilichemka. Ikapoa. Rubani alipoinua kichwa kumtafuta mumewe hakumwona. Akapanda juu ya paa la lori, akaweka kiganja juu ya macho, na hapo ndipo alipomwona: kidoa cheusi kinachotetemeka, mazigazi yamemkata miguu, akielea juu ya maji yasiyokuwepo. Na kilima kilikuwa mbali naye vile vile kilivyokuwa mbali na wao.

Aliita. Sauti yake ikatoka, ikaenda, haikurudi. Hapakuwa na kitu cha kuirudisha.

"Piga honi!" akamwambia kaka yake. "Piga, usiache!"

Honi ikalia. Kidoa kikasimama. Kwa muda mrefu hakuweza kujua kama mumewe anakuja au anakwenda, akabaki juu ya paa. Alikuwa amepita hapo maisha yake yote akidhani anapajua. Sasa alimwona mtu wake, mwenye kifua kipana na kicheko kinachojaza nyumba, amekuwa mdogo kuliko chembe ya unga mezani. Nchi hii haikuwa kitu kidogo kilichokosa vitu. Ilikuwa kubwa mno, hata vitu vikipotelea ndani yake huoni tofauti. Alihofu, na ndani ya hofu ile mlikuwa na jambo jingine, lililomfanya ashushe mkono wake taratibu kama mtu aliyeingia mahali pa ibada bila kubisha hodi.

Kidoa kiliota mikono, kikaota kofia, kikawa Daktari. Alifika midomo imekauka na kupauka kwa chumvi, akanywa maji, akaketi kwenye kivuli cha gurudumu.

"Kilima kilikuwa kinarudi nyuma," alisema. "Nikipiga hatua nacho kinapiga. Nikageuka niwatafute. Lori lilikuwa dogo kama jino la mtoto." Alijifuta chumvi midomoni. "Nikataja jina lako, mke wangu. Si kwa kukuita. Nilitaka tu kusikia kitu."

"Pole."

"Usinipe pole. Sijawahi kuwa mdogo vile tangu nizaliwe, na sikuona vibaya. Nilivua kofia. Sijui nilimvulia nani."

Rubani akaketi kando yake, mgongo kwenye tairi. "Tulipanga kutua hapa, kujaza mafuta na kuondoka," akasema.

"Ndivyo ulivyoandika."

"Nataka tukae. Siku kadhaa."

"Maji ya kunywa yatakuwa mzigo mzito kwa ndege."

"Mzito sana."

Daktari alifikiri. "Kiti changu cha kukunja kitabaki nyumbani. Na kamera kubwa." Alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. "Haya, na mkate wa jioni nitauacha."

Asubuhi, wakati wakifunga mizigo, Taratibu alinusa hewa. Mbali, upande ambao kilima kilikuwa, mbingu ilikuwa imeshusha pazia la kijivu.

"Ingieni garini. Ardhi hii ikinywa maji inameza lori zima."

Mara hii hakuna aliyemwambia aongeze; alikanyaga mwenyewe. Walifika kwenye ule mgongo wa mchanga mawingu yakiwa juu yao, matone machache makubwa yakapiga kioo, kisha mvua ikawapita ikaenda zake. Wakashuka.

Maji hayakuja kama mto. Yalikuja mepesi kama kitambaa kinachotandikwa, kina chake hakifiki kifundo cha mguu, yakafunika chumvi yote. Halafu jua likatoka, na uwanda ukatoweka. Mahali pake palikuwa na mbingu. Mawingu yalipita juu, na mawingu yale yale yakapita chini, na yale matairi meupe waliyoyapanga yalining'inia katikati bila kushikwa na kitu. Upeo wa macho haukuwepo tena.

Taratibu alivua ndala akatia mguu mmoja, akautoa haraka, akacheka kwa aibu. "Nimeogopa nitatumbukia huko juu," akasema.

Rubani alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili. "Nimeishi mawinguni," alisema hatimaye. "Sikujua huwa yanashuka."

Kiwanja kilikuwa chini ya maji, na tarehe yao ya kuondoka ilikuwa karibu. Daktari ndiye aliyekuwa na haraka siku zote, ndiye aliyetangazia wagonjwa wake wote. Mkewe alimgeukia akitegemea malalamiko.

"Tutangoja," Daktari akasema.

Wakangoja. Mke alifuta tarehe na kupanga upya, akapunguza mizigo, akaongeza maji, akamrudisha mumewe kwenye mizani, naye akapanda bila ubishi. Msimu ulipogeuka, Taratibu alikwenda kupeleleza, akapiga simu kwamba ardhi imekauka, ngumu kama sakafu, na mapipa yako salama.

Waliruka asubuhi tulivu. Milima ikapita, mito mikavu ikapita, na weupe ukaanza kama ukungu, ukakua mpaka ukaijaza dunia. Rubani alizunguka mara mbili juu ya kiwanja, akashuka, magurudumu yakagusa bila kishindo. Akazima injini. Panga la puani mwa ndege likazunguka, likachoka, likasimama.

Daktari alishika mpini wa mlango, asiufungue.

"Subiri kidogo," akanong'ona.

Rubani hakuwa na mpango wa kufungua. Wakakaa vile vile, mikanda imefungwa, wakitazama nje.