Sita kwa Roza

"Barua zangu unazitupa ziwani wewe!"

"Nizitupe ili iweje? Zinazamisha mtumbwi?"

"Mbona Roza hajibu? Barua sita, Shimba! Sita!"

"Muulize Roza."

Hapo nilitaka kumpiga. Shimba ana mtumbwi wa injini, kila Jumanne anapeleka mizigo Shirati, na barua zetu anazifunga kwenye nailoni. Roza alirudi kwao huko mwezi wa tatu, mama yake alipougua. Aliniambia, we andika tu, nitajibu.

Mwalo mzima ukawa unatuangalia, hata wapakiaji wa sangara wa kiwandani. Nikawaambia ushahidi ninao. Shule niliacha la sita, lakini kuhesabu najua. Wiki mbili nimeuliza watu hapa: barua arobaini zilizopita kwa Shimba, arobaini zilizopita kwa Otuoma, mwenye mtumbwi mwingine wa Shirati. Za Otuoma zilijibiwa ishirini na nane. Za Shimba ishirini na nne.

"Nne pungufu! Zimeenda wapi?"

"Ngoja, mdogo wangu," akasema dada Bernadeta, anayetuuzia makande. Aliwahi kuzunguka nyumba za Kisesa akiuliza watu maswali kwa niaba ya watafiti. "Kwanza tuone bahati peke yake inaleta pengo la ngapi."

Akahesabu punje za mahindi hamsini na mbili: barua zilizojibiwa, za wote wawili. Maharage ishirini na nane: ambazo hazikujibiwa. Akamwaga vyote kwenye sufuria, akakoroga.

"Humu hakuna Shimba wala Otuoma. Fumba macho, toa arobaini, ziite za Shimba. Zinazobaki za Otuoma."

Nikatoa. Mahindi ishirini na tatu. Kwenye sufuria yakabaki ishirini na tisa. Pengo sita!

"Sufuria nayo mwizi!" mtu akapiga kelele. Wakacheka.

Tukarudia mara ishirini. Mara tisa pengo lilifika nne au likapita.

"Umeona? Karibu nusu. Hiyo nne yako inakuja yenyewe. Sisemi Shimba ni malaika, ila wewe huna cha kumshikia."

Nilitaka ile nne iwe kubwa. Shimba akiwa mwizi, Roza bado ni wangu: amekaa kule ananisubiri, anadhani mimi ndiye niliyenyamaza. Nilikuwa nalala na wazo hilo. Sasa watu zaidi ya nusu wanajibiwa kwa mtumbwi huohuo. Mimi sita, kapa.

"Tuchanganye tena, dada."

"Hata ukichanganya mpaka Jumapili, mdogo wangu."

Shimba hakucheka. Alininyooshea mkono.

"Lete ya leo. Nitampa mwenyewe, mkononi. Nitamwangalia usoni akiipokea, nikirudi nikwambie."

Hicho ndicho nisichotaka. Barua ilikuwa mfukoni, imelowa jasho.

"Leo sijaandika," nikasema. Nikageuka, nikapanda kuelekea barabarani.