Kwikwi ya Shangazi

Jirani yangu Mama Hermina aliwahi kuniuliza, siku tunaanika mahindi, "Mama Konrada, hilo gari lenu likipanda kilima linapata kwikwi au linalia?"

Usiku wa jana niliota nimetumwa kutafuta jibu.

Gari lenyewe ni la marehemu mume wangu, Odilo. Watoto walilipa jina la Shangazi, kwa sababu kila likienda mjini halirudi mikono mitupu. Wote walipelekwa kubatizwa wamepakiwa humo. Siku hizi injini inaruka mapigo, mafundi husema linamisi. Fundi Haule alilisikiliza, akatikisa kichwa, akasema injini imekwisha. Basi shemeji yangu Desideri, mdogo wake Odilo, akaamua: asubuhi atamleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Nililala na neno hilo kifuani. Sala za jioni nilisali, lakini usingizi ulinikuta sijafika kwenye amina.

Ndotoni ni mchana mweupe, nami nafungua boneti. Chini ya boneti hakuna injini. Kuna sebule yangu.

Kochi ni lile lile. Kalenda ya parokia ipo ukutani. Wanawake wanne wamekaa kwenye mstari, kila mmoja ndani ya sufuria ndefu kama silinda, wote wamevaa kitenge cha jumuiya. Wanasali rozari. Wanasimama na kukaa, wanasimama na kukaa, kama misa isiyo na mwisho.

"Karibu, Mama Konrada," anasema wa kwanza. "Vua viatu. Kuna oili."

Navua viatu.

Wa kwanza anasema fungu lake, cheche inamwangukia utosini, paa! Anashuka. Anapokea wa tatu. Halafu wa nne. Ndipo wa pili.

"Mbona mnamruka mwenzenu?" nauliza.

"Haturukani. Moja, tatu, nne, mbili. Ndivyo tulivyoagizwa tangu kiwandani. Tukifuatana kama tulivyokaa, nyumba itayumba."

Nikakubali. Hata kwenye jumuiya yetu Mama Gaudensia hapangwi kusalisha baada ya wifi yake.

Karibu na mlango imekaa Mizani, ile ya kupimia magunia, yenye ndoano. Amevaa tai. Kwa kuwa ni mgeni amepewa soda.

"Wala usihangaike, mama," anasema. "Nasubiri tu. Rozari ikiisha, nabeba."

"Unabeba nini?"

"Kinachonyamaza. Kanuni yetu ni moja: kinachosema ni ndugu, kinachonyamaza ni chuma."

"Hapa wote wanasema."

"Mmoja hasemi." Anakunywa soda. "Ukimpata kabla hawajamaliza, naondoka. Ukimkosa, sibebi mmoja. Namtundika Shangazi mzima."

Nikakaa mkekani, nikawaangalia midomo. Midomo yote minne inakwenda. Nikawaangalia macho. Wote wamefumba, kwa ibada. Lakini kila mzunguko ukifika mahali fulani, sebule inashtuka, hik! na kalenda inaanguka. Naiokota, naitundika. Hik! Inaanguka tena.

Mara sebule inaanza kupanda kilima. Siwezi kueleza vizuri. Dirishani naona barabara ya Mbinga, na migomba inarudi nyuma. Na pale dirishani, upande wa dereva, kimeegemea kiwiko.

Nilikijua. Marehemu hakuja mzima. Kilikuja kiwiko chake cha kulia, na shati lake la drafti limekunjwa mpaka juu, kama alivyozoea kuendesha.

"Baba Konrada," nikasema, "nisaidie. Nani hasali hapa?"

"Mimi ni kiwiko, mama," kikajibu. "Masikio yamebaki huko."

"Wala hukuyaomba yaje?"

"Niliyaomba. Yakasema yanasikiliza kwaya."

Kiliposema kwaya nikapata akili. Zamani nilipokuwa naimba, mwalimu wetu alikuwa hahangaiki kumsikiliza anayeharibu. Alitunyamazisha mmoja mmoja, akasikiliza waliobaki.

Namwendea wa kwanza. "Mama, naomba unyamaze kidogo."

"Mimi? Niliyeianzisha jumuiya hii?"

"Kidogo tu, mama yangu."

Ananyamaza, amevimba mashavu. Sebule inapepesuka, kochi linateleza mpaka mlangoni, soda ya Mizani inamwagika. "Polepole, mama, kuna kona!" kinapiga kelele kiwiko. Haraka namwambia aendelee.

Namnyamazisha wa tatu. Nyumba inainama upande, inataka kuzima. Aendelee.

Wa nne ananitazama. "Nanyamaza. Lakini nitakumbuka." Ananyamaza, moshi mweusi unatoka chini ya kochi. Aendelee, aendelee!

Rozari imebakia punje chache. Mizani ameshasimama, anakunja mikono ya shati.

Nafika kwa wa pili. Ni mama mwembamba, amenyooka, kitenge chake kimepigwa pasi kuliko cha wote. Hanitazami.

"Mama," nasema, "naomba na wewe unyamaze."

Ananyamaza. Hakikubadilika kitu. Sebule inapanda vile vile, inashtuka vile vile.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi." Sauti yake ndogo sana. "Nilikuwa nachezesha midomo. Wakisimama nasimama, wakikaa nakaa. Lakini cheche hainifikii. Waya wangu umepata ufa. Tangu masika, ukiingia unyevu, moto unarukia chuma cha pembeni. Mimi si mgonjwa, mama. Nimekaa tayari, moto ndio haufiki."

Nikawageukia wenzake. "Na ninyi mlijua?"

"Tulijua," anasema wa kwanza.

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme ili abebwe?" Wa nne amekasirika kweli. "Tulimbeba wenyewe. Kilima chote hiki tunambeba. Wewe ulidhani tunachemka kwa ajili ya nini?"

Nikamshika yule wa pili mkono. Ulikuwa wa baridi. Nikamwambia asione aibu, namjua mtu mwingine anayechezesha midomo tu tangu msiba wa mumewe.

"Nami namjua," alisema. "Hukaa benchi la mbele, upande wa Bikira Maria."

Ndipo ninapokaa mimi.

Mizani akaweka chupa chini, akanyoosha tai yake. "Amesema," alisema. "Basi ni ndugu. Na waya mmoja haunitikisi hata mshale." Akatoka kwa kurukaruka, maana ana mguu mmoja.

Barabara ikawa tambarare. Kiwiko kikauliza, "Mama Konrada, umevaa sweta?"

"Nimevaa."

"Haya."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na umande mzito, kama kawaida ya kwetu miezi hii. Nilikuwa bado nafunga kanga nikasikia geti. Shemeji Desideri alikuwa amefika na mnunuzi wake, kijana mnene mwenye mizani begani.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Nimeamka salama. Shemeji, kaa kwenye usukani uwashe gari."

"Shemeji, tusicheleweshe watu. Fundi ameshasema."

"Washa."

Akawasha. Hik! Hik! Mnunuzi akacheka. Nikamwambia Desideri azime. Nikahesabu waya za plagi kutoka mbele, nikachomoa wa pili kwa kitambaa kikavu.

"Washa tena."

Kwikwi ikawa ile ile. Haikuzidi, haikupungua.

"Umesikia?" nikamwambia. "Ningechomoa waya ulio mzima, injini ingetetemeka zaidi. Huyu wa pili hapati moto. Zima uje uone."

Akazima, akaja. Nikaukunja ule waya mbele ya macho yake. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, na umande umeingia ndani yake.

"Injini haijaisha, shemeji. Ni waya."

"Nani amekufundisha?"

Mimi kusema uongo siwezi, tena asubuhi. "Nimeota."

"Loh! Mama, ndoto haiendeshi gari," alisema mnunuzi. "Kaka, tuanze na milango?"

Desideri naye alitaka kucheka, nilimwona. Akazunguka ubavuni kufunga mlango wa dereva aliouacha wazi. Akaufunga, akabaki amesimama.

Shangazi alikuwa amelowa umande kutoka boneti mpaka buti, paa linachuruzika. Ila pale chini ya kioo cha dereva palikuwa na doa kavu. Dogo, la mviringo, kama pale alipoegemeza kiwiko mtu safari nzima. Mimi sikuwa nimeliona.

Desideri akaweka kiganja juu yake. Akakitoa haraka, akakirudisha taratibu.

"Kaka," aliuliza mnunuzi, "tunapima au hatupimi?"

Desideri akavua kofia. Akapita mbele yangu akauchukua ule waya, akapita mbele ya mizani, akafungua geti akatoka nao kuelekea dukani.