Akordeoni ya Kumuingiza Kaltumu

"Hapana! Bibi-arusi haingie mbio sawa mutu anakimbilia barriere ya mupaka mbele ifungwe!"

"Baba, hata haujasikia mpaka mwisho!"

"Nimesikia! Dada yako karibu aanguke!"

Ilikuwa kweli. Kaltumu alikuwa amesimama katikati ya saluni ya nyumba yao, kiatu moja mukononi, anahema. Kesho kutwa familia ya muchumba wake inakuja kumuomba, na siku hiyo binti anaingia pole pole, wasichana wenzake kando yake, watu wote wanamutazama. Mudathiru, mudogo wake, tangu amalize shule alikuwa ameomba kitu moja tu: amuingize dada yake na akordeoni, ile kinanda ya kuvuta na kusukuma, yenye aliazima kwa muzee Bizumuremyi wa Nyundo. Leo ndio wamejaribu mara ya kwanza, naye akapiga polka ya Texas, miziki ya kuruka mbio. Mana we! Polka na pole pole, wapi na wapi.

"Bahizi wa disco ataleta mashini yake ya miziki na baffle za kupaza sauti," baba yao, muzee Habib, akasema, akarudi kukaa kwa cherehani yake. "Tumalize. Hiyo miziki ya Texas si yetu."

"Hata kwao haikuwa yao!" Mudathiru akafoka. "Ni Wajerumani na Wacheki walifika kule na akordeoni na polka. Wamexico wa Texas wakasikia kwa dansi za jirani, wakachukua, wakaweka gitaa yao kubwa ya nyuzi kumi na mbili, wakaimba Kispanyola. Nyuma wakaongeza saksofoni, kinanda ya umeme, hata cumbia, dansi ya Kolombia ya mwendo ya pole. Donc ikawa yao. Ndio Tejano. Watu wa mupakani, Baba, sawa sisi!"

"Bon, profesa. Na hao watu wa mupakani, bibi-arusi zao wanaingiaka mbio?"

Kaltumu akacheka. Mudathiru hakucheka. Dada akishaolewa anahamia Kigali, na yeye hakuwa na zawadi ingine ya kumupa.

Kaltumu akamuona. "Baba, mi nataka anipigie. Lakini sha, unipunguzie mwendo!"

"Nikipunguza inakufa."

Muzee alikuwa anashona pindo ya mushanana ya Kaltumu, ile nguo ya sherehe, kitambaa laini yenye haipendi haraka. Muguu yake ikashuka kwa pedali, ikapanda, ikashuka. Mudathiru akaangalia ile muguu. Cumbia! Cumbia ndio inatembea vile. Akavuta akordeoni, akafuata pedali.

Kaltumu akavaa kiatu. Akapiga hatua, akatulia, akapiga ingine. Mabega yake yakaanza kucheza yenyewe.

Mara pedali ikanyamaza. Miziki ikayumba.

"Baba, mbona umesimama?"

"Kwani siku ile nitakuja na cherehani? Endelea!"

Akaendelea. Hatua za dada yake hazikupotea hata moja, kutoka ukutani mpaka dirishani.

"Yoo, Mudathiru!" Kaltumu akasema, akijipanguza macho.

Muzee akainamia sindano. "Kuingia tu. Wageni wakikula, ni Bahizi. Nenda umuambie mapema, asije akakufunika na makelele yake."

"Asante, Baba."

"Nenda, bwana. Unanichelewesha na nguo ya watu."

Mudathiru akalaza akordeoni kwa kiti, akaifunika na kitenge ya dada yake. Akatoka, akafunga mulango.